Kukaa Chini ya Fundi wa Picha Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kumfuata Kazini

Mombasa haina uhaba wa wapiga picha. Nenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, Jumapili jioni utawakuta ukingoni na kamera shingoni, wakimwita kila anayepita na mtoto aliyevaa nguo mpya. Kilicho adimu ni nafasi ya kukaa chini ya mmoja wao siku nzima, umwone anavyofanya kazi tangu anapomsalimu mteja mpaka anapofunga begi. Kamera utafundishwa na video za mtandaoni, tena bure. Ila namna fundi anavyomtuliza bibi wa miaka sabini mpaka akasahau kuwa kuna lenzi mbele yake, hiyo huonwa kwa macho, ukiwa nyuma yake hatua mbili, umeshika stendi ya taa.

Njia hii ni ya zamani na imetoa mafundi wakubwa. Mwaka 1955 kijana mmoja wa Mali, Malick Sidibé, aliitwa kupamba duka la picha la Mfaransa Gérard Guillat mjini Bamako. Kazi ya kupamba ilipoisha akabaki kama mwanagenzi, akihudumia wateja wa dukani huku jicho liko kwa mwenye duka. Mwaka uliofuata alikuwa na kamera yake ya kwanza, Brownie ya Kodak, na baada ya miaka michache akafungua studio yake. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu wa mafanikio ya maisha kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, mpiga picha wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Alianza na brashi ya rangi na kaunta ya duka.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mazingira yetu: jua la hapa, vichochoro vya hapa, arusi na adabu za hapa.

Hatua ya 1: Anza na picha moja

Wengi huanza na jina, au na idadi ya wafuasi Instagram. Mimi nakushauri uanze na picha moja ambayo kila ukiipita unarudi kuitazama. Ihifadhi. Kisha ujiulize ni kitu gani hasa kinachokurudisha, na jibu lako liwe kitu cha kuonyesha kwa kidole. "Ni nzuri" halitoshi.

Kwangu mimi kitu hicho ni mikono. Mpiga picha ambaye ningetoa chochote nimfuate hata siku moja ni N. V. Parekh, aliyekuwa na studio hapa Mombasa kuanzia miaka ya 1940. Waswahili, Wahindi, Waarabu na watu wa bara waliketi mbele ya kamera yake, wamevaa walichotaka kukumbukwa nacho. Picha zake za nyeusi na nyeupe zimepangwa kwa uangalifu mpaka unaona mtu ameheshimiwa. Mikono haikuachwa ining'inie. Mmoja uko juu ya kiti, mwingine umeshika kitambaa, vidole vimelegea bila kukunjwa. Mtu akiketi mbele ya kamera mikono ndiyo humsumbua kwanza, na fundi anayejua kuituliza ameshamtuliza mtu mzima.

Parekh hatunaye, lakini kumtazama yeye ndiko kulikonionyesha nimtafute fundi wa aina gani kati ya walio hai: anayejali mikono. Huenda wewe kinachokushika ni kingine. Labda ni mapazia yaliyochorwa, kama yale ya vibanda vilivyokuwa kando ya kivuko cha Likoni miaka ya 1990, ambako mtu wa bara alipigwa picha na meli au ndege nyuma yake ili nyumbani wajue kweli alifika pwani. Labda ni rangi, au watu wanaokwenda mbio sokoni Marikiti. Kijue kwanza, ndipo umtafute mwenye nacho.

Usitafute mtandaoni peke yake. Nenda kwa bibi yako, au kwa jirani mwenye umri wake, umuombe albamu ya zamani. Geuza kila picha uangalie nyuma, kwani studio nyingi za zamani zilipiga muhuri wa jina na mtaa. Muulize bibi siku ile ilikuwaje: nani alimchagulia nguo, alikaa dakika ngapi, mpiga picha alimwambia nini. Wazee wanayakumbuka mambo haya kwa undani wa kushangaza, na hakuna kitabu kilichoyaandika yote.

Hatua ya 2: Isome kazi yake kabla ya kubisha hodi

Chukua picha tano au sita za fundi uliyemchagua. Zikuze kwenye simu au, bora zaidi, kwenye kompyuta. Anza na macho ya mtu aliyepigwa. Ndani ya mboni utaona alama nyeupe ya mwanga. Ikiwa ya mraba, mwanga umetoka dirishani, mlangoni au kwenye taa yenye sanduku la kitambaa. Ikiwa ya duara, huenda ni mwavuli wa kusambaza mwanga au taa ya pete. Ikiwa nukta ndogo kali, ni jua lenyewe au flashi tupu. Alama ikikaa juu upande wa kulia, mwanga ulitoka huko huko.

Kisha angalia kivuli cha pua. Kikiwa kifupi na kimeshuka kuelekea mdomoni, mwanga ulikuwa juu. Kikienda shavuni, ulikuwa pembeni. Ukingo wa kivuli nao una habari: ukikatika ghafla kama umekatwa kwa wembe, mwanga ni mdogo au uko mbali, ukififia polepole, mwanga ni mpana na uko karibu. Mwisho tazama kimo cha kamera. Mtoto aliyepigwa na mtu aliyesimama huonekana tofauti kabisa na mtoto aliyepigwa na mtu aliyechuchumaa.

Andika uliyoyaona. Halafu andika maswali matatu ambayo picha yenyewe haikuweza kukujibu, kwa mfano: alimjuaje mtu huyu? Aliomba ruhusa kabla au baada? Alisubiri nini? Maswali haya ndiyo utakayokwenda nayo. Ukimuuliza fundi ametumia kamera gani, atakujibu kwa sekunde mbili na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Hatua ya 3: Omba kwa adabu, na kwa wakati wake

Ujumbe wa simu hufungua mlango, lakini Mombasa watu huamua wakikuona. Tuma ujumbe mfupi, kisha uombe uende ukamsalimu. Chagua wakati. Ijumaa mchana ni ya msikiti. Jumamosi karibu kila fundi yuko arusini. Wiki za mwisho kabla ya Ramadhani, na tena baada ya Idi, arusi hufuatana na hakuna mwenye nafasi ya kuzungumza. Siku ya kazi baada ya alasiri, akiwa dukani anahariri, ndiyo nzuri kuliko zote.

Ujumbe uwe namna hii:

"Asalam aleikum Mwalimu. Naitwa (jina lako), naishi Kisauni. Ile picha yako ya mzee akishona tanga nimeitazama mara nyingi. Mwanga umemwingia shavu la kushoto peke yake na mikono yote miwili inaonekana. Naomba ruhusa yako nikufuate kazini siku moja, siku yoyote utakayoona inafaa. Nitabeba mizigo, sitatoa kamera yangu mpaka uniambie, na simu itakaa mfukoni. Kama mwezi huu umebanwa, nitasubiri. Naomba kwanza nije dukani nikusalimu."

Umetaja picha moja na ulichokiona ndani yake, kwa hiyo anajua hukutuma ujumbe huo huo kwa watu ishirini. Umeomba siku moja, na siku moja ni rahisi kukubaliwa. Umesema utafanya nini, na umemtoa wasiwasi wake mkubwa, yaani mgeni mwenye kamera ya pili mbele ya mteja wake. "Mwalimu" humfaa karibu kila fundi. Akiwa mwanamke aliyekuzidi umri, muite Bi na jina lake, na mkubwa yeyote ukimfikia ana kwa ana umuamkie shikamoo kabla ya jambo jingine lolote.

Asipojibu, subiri wiki kisha mkumbushe mara moja tu. Akikataa, mshukuru na umuulize kama kuna mwenzake angependa msaidizi. Mafundi wa mji huu wanajuana, huazimana lenzi na kupeana kazi zinapogongana, na mtu aliyekataliwa akashukuru vizuri hutajwa mahali pengine.

Usimwombe akufundishe. Tofauti ni kubwa. Kufundisha ni kazi juu ya kazi yake, ilhali kukuacha umtazame huku umebeba begi ni afueni kwake.

Hatua ya 4: Afikianeni kabla ya siku

Ulizia mambo matatu waziwazi: nauli na chakula ni juu ya nani, mteja ameambiwa kuwa utakuwepo au bado, na kama utapiga picha, zitakuwa za nani.

Hilo la tatu lina sheria nyuma yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa pande mbili ziwe zimeafikiana vingine. Maana yake ni kwamba picha za arusi ya watu huenda si mali ya fundi mwenyewe, sembuse wewe uliyeshika taa. Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kwayo sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Ukitaka kuonyesha kazi yako mahali popote, piga picha zako siku nyingine, na watu waliokukubalia wewe.

Kuhusu malipo, msimamo wangu ni huu: siku ya kwanza, au hata siku chache za mwanzo, hazina malipo na ni sawa, kwani unachukua zaidi ya unachotoa. Ila siku ambayo fundi anakutegemea, yaani bila wewe angelazimika kumkodi mtu, hiyo ni kazi na ina ujira. Sema mapema na kwa upole: "Mwalimu, siku za kazi kubwa tutaelewana vipi?" Anayekuheshimu atataja kiasi. Anayekuzungusha miezi kwa ahadi, muage.

Hatua ya 5: Begi na mavazi

Viatu viwe vya kuvua kwa mguu. Utaingia nyumba za watu, pengine na msikiti, na fundi akishafika sebuleni hatakusubiri ufungue kamba mlangoni. Nguo ziwe za heshima na za rangi iliyopoa; nyekundu au njano kali hurudisha rangi yake kwenye uso wa anayepigwa ukisimama karibu. Beba maji, kitambaa laini cha lenzi, leso au taulo ndogo ya jasho, mfuko wa plastiki wa kufunika kamera (masika haiagi), kalamu na daftari dogo, na pesa kidogo za tuktuk.

Unyevu wa pwani ni adui wa kila siku. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi ikaingia joto la nje, lenzi hufunga ukungu hapo hapo, na kuipangusa hakusaidii kwa sababu maji yanaendelea kujikusanya juu yake. Dawa ni kuiacha ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu. Kwa hiyo mkiwa nyumba ya Nyali yenye kiyoyozi na picha za nje ziko mbele, begi la pili litolewe barazani mapema na wewe uwe macho nalo. Hili jambo dogo ukilifanya bila kuambiwa, fundi ataliona. Nyumbani hifadhi lenzi pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, la sivyo kuvu itaota ndani ya kioo.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika kabla yake. Sisi tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, na jua letu halina subira: likishachomoza hupanda takriban digrii 15 kila saa. Kufika saa tatu asubuhi limeshakaribia digrii 40 na ule mwanga mlaini umekwenda. Karibu na tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, hukaa utosini kabisa adhuhuri, macho ya mtu yakageuka mashimo mawili meusi. Ndiyo maana fundi anayejua kazi atakwambia mkutane saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na akimaliza saa tatu anakwenda kunywa kahawa.

Simama nyuma yake upande ule ambao hajashika kamera, hatua mbili. Usisimame nyuma ya mtu anayepigwa, utaingia pichani. Usisimame ubavuni mwa fundi pia, kwa sababu anayepigwa atakutazama wewe. Na usimtabasamie mteja wakati fundi anatafuta utulivu. Kuwepo kwako kusionekane.

Sasa, utazame nini? Mwanafunzi mgeni hukodolea kioo cha nyuma cha kamera aone namba. Namba zitabadilika kila mtaa. Tazama miguu ya fundi na mdomo wake. Anasogea lini? Anaanza kuzungumza lini, na anakoma lini? Hesabu muda kati ya salamu na mbofyo wa kwanza.

Chukua mfano wa kichochoro cha Mji wa Kale, pale kati ya Ndia Kuu na Bandari ya Kale. Upande mmoja jua limepiga ukuta mweupe wa chokaa, upande wa pili kuna mlango wa mbao na kivuli. Fundi hatamweka mtu juani. Utamwona ananyosha mkono mbele, amekunja ngumi, anajizungusha pole pole huku akiitazama: ngumi ina mashimo na miinuko kama uso, na inamwonyesha kivuli kitakavyoanguka kabla hajamsumbua mtu. Akishaona, anamsimamisha mwenyeji kizingitini, hatua moja ndani ya kivuli, uso umeelekea ule ukuta wa jua. Ukuta unarudisha mwanga mpana, mlaini. Nyuma ya mtu ni giza la ukumbini. Amepata studio nzima bila taa hata moja.

Kisha mikono. Hapo ndipo ninaposogea kusikiliza. Hatamwambia "weka mikono vizuri." Atamuuliza mlango huu una umri gani, na mwenyeji, akijibu, ataugusa mlango. Mkono umeshapata mahali pake wenyewe. Au atamwomba muuza kahawa amwage kikombe kimoja, na wakati dele limeinama na mvuke unapanda, kamera inainuka. Andika maneno yale yale aliyotumia, herufi kwa herufi, mara utakapopata upenyo. Maneno hayo ndiyo kifaa cha bei ghali kuliko vyote alivyonavyo, na hayauzwi dukani.

Angalia pia anachofanya baada ya picha. Je, anamwonyesha mtu kioo? Anachukua namba ampelekee nakala? Katika Mji wa Kale, ambako wenyeji wamepigwa picha na wageni miaka nenda miaka rudi bila kurudishiwa kitu, fundi anayerudi na picha iliyosafishwa mkononi hufunguliwa milango ambayo wengine wataitazama kwa nje.

Ukipewa taa uishike, shika umbali. Mwanga ukiondoka mita moja hadi mita mbili kutoka kwa mtu, unaomfikia hubaki robo tu. Mkono ukichoka ukarudi nyuma kidogo kidogo, kila picha itakuwa nyeusi kuliko iliyotangulia na fundi hatajua kwa nini. Fundi akisogea, wewe usisogee. Mtu akisogea, sogea naye. Weka alama kwa miguu yako chini.

Maswali yasubiri njiani au mezani. Swali moja mbele ya mteja linaweza kumvunjia fundi heshima hata kama umeliuliza kwa nia njema.

Hatua ya 7: Arusini

Arusi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba za wapiga picha wengi wa Mombasa, na ndiyo shule ngumu kuliko zote. Nikaha huwa msikitini mara nyingi, upande wa wanaume. Huko kazi ni kukaa kimya, kutotembea mbele ya waliokaa, na kutorusha flashi wakati wa hotuba. Fundi huongea na msimamizi wa msikiti kabla, sikiliza anavyoomba.

Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa, nywele na mikono iliyotiwa hina iko wazi, na katika arusi nyingi simu huzuiliwa mlangoni. Kama wewe ni mwanamume, usiombe kuingia wala usiombe kuonyeshwa picha baadaye. Kama wewe ni mwanamke, umepata nafasi ambayo haipatikani kwingine, maana mafundi wa kike wanaoaminika kwa kupamba ni wa kutafutwa na wana kazi mwaka mzima. Mfuate mmoja wao ujue uaminifu unavyojengwa.

Utaona kadi za kumbukumbu zikihesabiwa kabla na baada. Utaona familia ikiuliza hata atakayehariri ni nani, na fundi akijibu bila kukereka. Simu yako iache nyumbani kabisa, kwa sababu simu nyingi hupandisha picha mtandaoni zenyewe bila kukuuliza. Ukisikia jambo la familia ndani ya chumba cha bibi arusi, limeishia humo. Na mgeni akikuuliza nje, "Bibi arusi amependeza?", jibu ni "Mashaallah", basi.

Kikazi, tazama fundi anavyopanga hatari zake. Bibi arusi akiingia ukumbini, huingia mara moja. Fundi mzuri ameshapima mwanga wa mlango, amebadilisha betri kabla haijaisha, na amejua mama mzazi atakaa wapi, kwa sababu machozi ya mama ndiyo picha ambayo familia itaiulizia kwanza. Muulize kesho yake ni mambo gani aliyaandaa ambayo wewe hukuyaona. Orodha itakuwa ndefu.

Hatua ya 8: Mahali pa kuomba ruhusa

Kivuko cha Likoni, bandari ya Kilindini, vituo vya polisi na kambi za jeshi ni sehemu za ulinzi. Usitoe kamera huko ukidhani kwa kuwa uko na fundi umehifadhika. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kwa picha za kibiashara ulizia ofisini kwao kabla, usisubiri kusimamishwa ndani. Droni nazo zinasimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na kuirusha bila kibali ni kosa, hata ufukweni Bamburi.

Hatua ya 9: Jioni hiyo hiyo

Kabla ya kulala, andika. Usiandike hisia, andika vitendo: alisimama wapi, mwanga ulitoka wapi, alisema nini, mtu alibadilika lini. Rudia yale maswali yako matatu uone yepi yamejibika. Mtumie fundi ujumbe mfupi wa shukrani ukitaja jambo moja mahususi uliloliona. Kama alikuazima kitu, kirudi kesho yake, kimepanguswa chumvi.

Ndani ya wiki hiyo, fanya zoezi moja. Chagua picha moja uliyomwona akiipiga, na uirudie na ndugu au rafiki yako: kizingiti cha nyumba yenu, saa ile ile, ukuta ule ule wa upande wa pili. Hata simu inatosha. Utagundua haraka kuwa mwanga umeupata lakini mtu amekauka kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Hapo rudi kwenye daftari, kwenye yale maneno ya fundi, ujaribu tena. Ukipata moja inayokuridhisha, mpelekee. Mpe moja, usimpe thelathini, na uulize: "Mwalimu, ungeondoa nini hapa?" Swali hilo ni rahisi kujibu na majibu yake yana faida kubwa kuliko kuuliza kama picha ni nzuri.

Hatua ya 10: Kuendelea au kuondoka

Akikuita tena bila wewe kuomba, umeshapita mtihani. Kuanzia hapo ongeza uzito: omba kushughulikia kupanga faili baada ya kazi, kwani utaona picha alizozitupa, na kwenye zilizotupwa ndimo utakamoona anavyofikiri. Baadaye omba kamera ya pili kwenye kazi ndogo, kwa mfano sherehe ya mtoto au mahafali.

Usikae chini ya fundi mmoja milele. Ukianza kutabiri kila atakachofanya, tafuta wa pili, tena awe wa aina nyingine: kama wa kwanza ni wa studio, huyu awe wa habari au wa mtaani. Muage wa kwanza ana kwa ana, umwambie unakwenda kwa nani.

Ipo siku mteja wake atakupigia wewe moja kwa moja, kwa sababu alikuona, akapenda ulivyomshughulikia mama yake, na anadhani bei yako itakuwa nafuu. Mwambie, "Nitamuuliza Mwalimu kwanza." Kisha umpigie Mwalimu siku hiyo hiyo, kabla ya kutaja bei yoyote.